Umelipa umeme na tokeni haiji: fanya hivi kabla hujalipa tena

Usilipe mara ya pili. Neno hilo naliweka juu kabisa kwa sababu ndilo ninalolirudia kutwa kucha kibandani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, si mbali na Kastamu. Mimi ni wakala wa pesa za simu. Naweka, natoa, nalipia watu maji na ada za shule, na zaidi ya yote nawanunulia Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Saa moja jioni, mita zikianza kulia majumbani, ndipo foleni inaponenepa na watu wanapofanya mambo kwa pupa. Pesa imekatwa, tokeni haijaja, mtu anasema: "Dada, tuma nyingine ya elfu kumi, hiyo ya kwanza tutaitafuta kesho." Kesho zikija zote mbili, heri, umeme hauozi. Lakini ya kwanza isipokuja, ameshauvuruga ushahidi wake mwenyewe: miamala miwili ya kiasi kilekile, mita ileile, imepishana dakika chache, na mtu wa huduma kwa wateja anaanza kumuuliza analalamikia upi.

Kwa hiyo washa tochi ya simu, kaa, ujiulize jambo moja: pesa yangu imefika wapi? Tatizo la kulipia umeme hukaa kwenye simu, au kwenye mfumo wa kampuni ya umeme, au kwenye mita yenyewe. Kila mahali pana mwenyewe. Ukienda kwa asiyehusika utazungushwa mpaka ukate tamaa, na wengi hukata tamaa wakiwa na haki yao mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme sehemu kubwa ya nchi uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika. Watu bado wanasema "nalipa Umeme" kama walivyozoea tangu 2005, na Yaka bado inaitwa Yaka. Hakuna ubaya, ila malalamiko ya leo peleka kwa anayekuuzia umeme leo. Kama hujui ni nani, risiti au ujumbe wa tokeni utakuambia.

Pesa ikikwama kwenye simu

Usiangalie ujumbe peke yake, angalia salio. Kisha fungua taarifa fupi ya akaunti, ile inayoonyesha miamala ya mwisho. Kwa MTN unaingia *165#, kwa Airtel *185#. Kama salio halijapungua, hukulipa, hata kama ulibonyeza namba ya siri na simu ikaonyesha maneno ya kukutia moyo. Hapo ndipo ruhusa ya kujaribu tena ilipo, na hapo tu.

Kama pesa imetoka na muamala unaonyesha bado unasubiri, usiguse kitu. Muamala wa aina hiyo ama utakamilika, tokeni ije, ama utashindikana, pesa irudi. Mtu akiharakisha hapa ndipo tunapopata zile kesi za malipo mawili. Ukiona umekaa sana, piga simu kwa kampuni ya simu, si ya umeme, kwa sababu pesa bado iko kwao.

Kama pesa imetoka, ujumbe wa kukamilika umekuja na nambari ya muamala, lakini tarakimu 20 za tokeni hazipo, basi pesa imeshavuka mto. Sasa mwenye jibu ni kampuni ya umeme. Piga nambari ya huduma kwa wateja ukiwa na vitu vinne mbele yako: nambari ya mita, kiasi, tarehe na saa, na nambari ya muamala. Tokeni haipotei kama karatasi. Ikishatengenezwa imo kwenye mfumo wao, na anayepokea simu anaweza kukusomea. Andika tarakimu nne nne, kisha umsomee wewe yeye. Nimeona tokeni nzima ikikataliwa kwa sababu ya saba iliyoandikwa kama moja.

Ndiyo maana nasema usifute ujumbe. Wenye simu ndogo za kubonyeza hufuta kila kitu kwa sababu kisanduku kimejaa, wanaacha matangazo ya bahati nasibu na kufuta nambari ya muamala. Kama ulinunua kwa wakala, hakikisha ameingiza nambari yako ya simu ili ujumbe uje kwako. Asipoweza, mwambie akuandikie nambari ya muamala kwenye karatasi kabla hujaondoka dirishani. Wakala anayekasirikia ombi hilo, mhame.

Kuna hatua moja watu huiruka: jina. Ukiingiza nambari ya mita, kabla ya namba ya siri mfumo hukuonyesha jina la mwenye akaunti. Lisome. Likiwa si la mwenye nyumba wako, simama. Ukishalipia mita ya mtu mwingine, tokeni ile haitaingia kwako hata ukiipigia magoti, maana imefungwa kwa ufunguo wa mita ile tu. Kumrudishia pesa mtu aliyelipia mita isiyo yake ni kazi ya barua na subira, na kama mwenye mita keshaingiza tokeni, hapo unazungumza na jirani, si na kompyuta. Hapa mpakani tuna lingine la kwetu: mtu ana nyumba Busia ya Kenya na nyingine Busia ya Uganda, tokeni za pande zote mbili zina tarakimu 20, na usiku anaingiza ya kule huku. Mita inakataa, anakuja kunilaumu. Zote hutumia kiwango kimoja cha kimataifa, kwa hiyo zinafanana kwa sura, ila mita haisomi isipokuwa ya kwake.

Na jambo dogo la pesa yako. Wengi hutoa fedha taslimu kutoka kwenye simu kwa wakala mmoja, kisha wanakuja na noti kwa wakala mwingine alipe umeme. Umelipa ada ya kutoa, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 inayotozwa kila unapotoa pesa za simu tangu 2018. Kama pesa tayari iko kwenye simu yako, lipia humo humo. Najua nakosa kamisheni kwa kusema hivi. Watanijia kwa mengine.

Tokeni imekuja, mita inakataa

Hapa soma kioo cha mita. Aina za mita ni nyingi na kila moja ina maneno yake, lakini kwa kawaida inasema mojawapo ya mambo haya: umekosea tarakimu, tokeni imeshatumika, au tokeni ni ya zamani mno. "Imeshatumika" mara nyingi ni habari njema. Kuna mtu nyumbani aliyeiingiza ukiwa kazini. Angalia uniti zilizobaki kabla ya kumpigia mtu yeyote. Usiingize tarakimu za kubahatisha mara nyingi mfululizo, maana mita nyingi hujifunga kwa muda zikiona mtu anabahatisha.

Kama kidude cha kubonyezea ndani ya nyumba kimezima kabisa na mita yenyewe iko juu ya nguzo, jaribu betri mpya kwanza, zile za rimoti. Usicheke. Wapo walioita fundi kwa elfu hamsini akaja na betri mbili mfukoni.

Lakini iko kesi moja ambayo bado inawashika watu, na nataka niieleze vizuri. Mfumo wa mita hizi za kulipia kabla huhesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na kila tokeni hubeba hesabu hiyo ili isitumike mara mbili. Nafasi ya kuhifadhi hesabu ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima, si Uganda pekee. Kabla ya siku hiyo kila mita ilipaswa kupewa ufunguo mpya: ulinunua umeme ukapata tokeni tatu badala ya moja, mbili za kubadilisha ufunguo na ya tatu ya umeme, na zilipaswa kuingizwa kwa mpangilio wake. Wengi walifanya bila hata kujua walichofanya.

Mita zilizokuwa zimelala wakati ule hazikufanya. Nyumba ya marehemu iliyofungwa, duka lililokosa mpangaji, chumba cha nyuma ambacho mwenyewe alikuwa Juba akitafuta riziki. Mtu anahamia leo, ananunua Yaka, mita inakataa kila kitu, na mwenye nyumba anaapa kwamba mita ni nzima. Na kweli ni nzima, imebaki nyuma tu. Dawa ni kuieleza kampuni ya umeme kwamba mita haikubadilishwa ufunguo na kuomba tokeni mbili za ufunguo. Ukipewa, ingiza ya kwanza, kisha ya pili, ndipo ile ya umeme. Ukizichanganya zitakataa. Kama una tokeni ya zamani uliyoiandika kwenye daftari ukaiweka akiba, ujue baada ya kubadilisha ufunguo haitafanya kazi tena.

Mita ikionyesha kwamba imechezewa, hilo nalo haliondoki kwa kununua umeme mwingine. Linahitaji tokeni maalumu kutoka kwa kampuni, na watakuja kukagua kwanza. Wape nafasi wakague.

"Mbona leo nimepata uniti kidogo?"

Hili ndilo swali la kila mwezi, na hasira yake ni kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu anaamini ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Bei ya umeme wa nyumbani Uganda ina ngazi, na ngazi hizo huanza upya kila tarehe 1 ya mwezi.

Uniti 15 za kwanza katika mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa bei ya kawaida, ambayo ERA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, huibadilisha mara kwa mara. Nitatumia 760 hapa ili tupige hesabu, wewe tazama bei ya sasa. Kutoka 81 hadi 150 bei inashuka mpaka 412, ngazi iliyowekwa ili watu wapikie umeme badala ya makaa. Ukipita 150 unarudi bei ya kawaida. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18.

Sasa chukua elfu ishirini. Toa VAT, inabaki 16,949. Ukiwa ununuzi wako wa kwanza wa mwezi, uniti 15 zinakula 3,750, na zinazobaki zinakupa nyingine 17 na kidogo. Jumla 32 na kidogo. Wiki mbili baadaye unaleta elfu ishirini nyingine, noti zilezile: unapata 22 tu. Uniti kumi zimeenda wapi? Hazikwenda popote. Zile za bei nafuu ulishazimaliza. Na kununua kidogo kidogo hakukuongezei wala hakukupunguzii: elfu kumi mara tatu ndani ya mwezi mmoja ni sawa na elfu thelathini mara moja, tofauti ni ada za simu tu.

Hapa kuna jambo ambalo wateja wangu wenye akili ya biashara wamelishika. Kwa bei hizo za mfano, kufikisha uniti 150 ndani ya mwezi mmoja kunagharimu kama 96,700. Ukizigawa uniti hizohizo, 75 mwezi huu na 75 mwezi ujao, utalipa karibu 116,500 kwa jumla, kwa sababu hukuifikia ile ngazi ya 412. Kwa hiyo mwenye familia inayotumia uniti 70 hivi, akiwa na uwezo, ananunua za miezi miwili kwa pamoja. Anayetumia uniti 20 kwa mwezi asijisumbue na hilo. Faida yake ni zile 15 za kwanza, na ikifika tarehe 29 ana uniti tatu, ni afadhali azibane mpaka tarehe 1.

Kabla ya kulalamika, soma mgawanyo kwenye risiti: kiasi cha umeme, VAT, na makato mengine kama yapo. Mstari usioujua, uliza ni wa nini. Ukiwa mstari wa deni, endelea kusoma hapa chini.

Mita ya mwenye nyumba

Sehemu hii inahitaji uvumilivu kwa sababu ndani yake umeme ni kisingizio tu, ugomvi wenyewe ni wa watu. Vyumba sita, mita moja, na mwenye nyumba anakusanya elfu kumi na tano kwa kila mlango. Uniti 15 za bei nafuu zinagawanywa na vyumba sita, kila mmoja anapata mbili na nusu, kwa hiyo ahadi ya umeme nafuu kwa mwenye kipato kidogo inaishia kwenye lango la kiwanja. Mwenye balbu moja anamlipia mwenye jiko la umeme. Halafu wanagombana mpaka kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Mita ndogo ya kila chumba ndiyo suluhisho la kudumu, lakini nayo ina mtego wake: bei ya uniti. Nimesikia wenye nyumba wakitoza 1,000 kwa uniti wakisema ndiyo bei. Dai risiti za mwezi mzima, jumlisha pesa zote, jumlisha uniti zote, gawanya. Mfano, kwa bei tulizotumia juu, kiwanja kilichonunua umeme wa 150,000 kwa mwezi kimepata uniti kama 209. Hiyo ni wastani wa shilingi 718 kwa uniti. Zidisha kwa uniti zilizosomwa kwenye mita yako ndogo, ndicho chako. Kama mwenye nyumba anataka ziada kwa ajili ya taa ya nje na pampu, aiseme waziwazi na iandikwe. Mama mmoja mpangaji, jirani yangu, aliibandika hesabu hiyo ukutani penye mita, kila mwezi, kwa kalamu nene, na kelele zikaisha bila kumwita mtu.

Deni la zamani ndilo baya zaidi. Mita ikiwa na deni, kila unaponunua sehemu ya pesa yako inakatwa kulilipa, na wewe uliyehamia juzi unalipa starehe za mtu usiyemjua. Kabla hujatoa kodi ya miezi mitatu, omba nambari ya mita, nunua umeme wa elfu tano mbele ya mwenye nyumba. Kama ni ununuzi wa kwanza wa mwezi na hakuna makato, utapata uniti 15 na nusu hivi. Kama mtu keshanunua mwezi huo, utapata tano na nusu. Ukipata chini ya tano na nusu, shuku deni. Ukipata chini ya 15 na nusu ilhali ni ununuzi wa kwanza wa mwezi, kuna kitu: ama deni, ama mita imeandikishwa kama ya biashara. Mita za biashara ndogo, kwenye bei za ERA kundi la 10.2, hazina zile uniti 15 za nafuu. Za nyumbani ni 10.1. Nyumba ambayo zamani ilikuwa saluni inaweza kubaki 10.2 miaka nenda rudi mpaka mtu aombe ibadilishwe, na mwenye kuomba ni mwenye akaunti, kwa hiyo mbane kabla hujahamia. Deni nalo mwambie alimalize yeye, au alipunguze kwenye kodi, na muandike. Karatasi yenye sahihi mbili na shahidi inatosha.

Uniti zinakwisha kabla ya wakati

Zima kila kitu ndani ya nyumba, na swichi kuu pia. Nenda kwenye mita utazame ile taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kila mpepeso ni sehemu ya uniti, na kwenye uso wa mita imeandikwa ni mipepeso mingapi kwa uniti moja, kwa mfano 1,000. Ikiendelea kupepesa swichi kuu ikiwa imezimwa, umeme unatoka kati ya mita na swichi yako: waya umechubuka, au kuna jirani amejiunganisha. Hiyo ripoti kwa kampuni. Ikisimama, tatizo liko ndani. Washa kimoja kimoja utazame. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, kwa hiyo birika la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa, na balbu ya wati 9 inaichukua zaidi ya saa mia. Watu hugombeza watoto kwa ajili ya taa huku pasi ikiwa mezani inawaka.

Ukikuta waya wa jirani, usiuguse mwenyewe, na usimwite kamyufu. Kamyufu ndiye yule fundi asiye na kibali ambaye Dar es Salaam wangemwita kishoka. Atakuambia anaweza "kuirekebisha" mita isihesabu sana. Sheria ya umeme ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 na adhabu za wizi wa umeme na kuchezea vifaa zikapandishwa sana, na mita ikikutwa imechezewa, nyumba yako ndiyo itakayoulizwa, yeye atakuwa ameshahama mtaa. Fundi wa waya za ndani awe na kibali cha ERA. Muombe akuonyeshe, fundi wa kweli hakasiriki.

Anayekupigia simu jioni akisema umeme wako utakatwa usipotuma pesa sasa hivi kwenye nambari yake binafsi, huyo ni mwizi, hata kama anakuita kwa jina lako. Malipo ya umeme yanaingia kwenye nambari ya mita au ya akaunti, hayaingii kwenye nambari ya mtu.

Wachache wenu bado mnapata bili ya mwisho wa mwezi. Kwenu ninyi neno ni moja: piga picha mita siku ileile kila mwezi. Bili ikisema mita ilisomwa 4,310 na picha yako ya siku hiyo inasema 4,180, walikisia, na picha hiyo ndiyo itakayokutetea. Lipa kiasi usichobishania ili usikatwe, na kilichobaki kiandikie barua.

Kulalamika kwa mpangilio

Maneno ya mdomo hayaachi alama. Simu ya kwanza ni sawa, lakini kabla hujakata omba nambari ya lalamiko, iandike pamoja na tarehe na jina alilokutajia aliyepokea. Ukienda ofisini, nenda na barua ya ukurasa mmoja na nakala yake, na ile nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi huwasaidia watu kuiandika hapa kibandani, na barua nzuri ina sentensi chache: "Mimi ni mtumiaji wa mita nambari fulani, iliyopo mahali fulani. Tarehe fulani, saa fulani, nililipa shilingi 30,000, nambari ya muamala ni hii. Tokeni haikuja. Nilipiga simu tarehe hii nikapewa nambari hii ya lalamiko. Naomba nipewe tokeni au uniti za kiasi hicho." Basi. Usiweke historia ya giza la nchi hii tangu uhuru, wala usimtukane karani. Anayesoma anatafuta nambari, na akizipata haraka hana pa kujificha.

Bili au mita ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, barua iandikwe naye au akupe ruhusa kwa maandishi, la sivyo watakurudisha kwa haki. Hili huwachelewesha wapangaji kuliko jambo lolote lingine.

Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa namna isiyoeleweka, unapanda ngazi kwenda ERA. Wao ndio wanaotoa leseni kwa wasambazaji na kupanga bei, na kazi yao mojawapo ni kupokea malalamiko ya watumiaji ambao wameshaanza kwa msambazaji bila kuridhika. Neno "wameshaanza" ni muhimu. Ukienda ERA bila nambari ya lalamiko wala barua yenye muhuri, watakuambia rudi ulikotoka.

Juu ya hapo kuna baraza la kusuluhisha migogoro ya umeme, lililoundwa chini ya Sheria ya Umeme ya 1999, na asiyeridhika nalo anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Kwa tokeni ya elfu kumi hutafika huko. Lakini kwa mwenye nyumba aliyebambikiwa deni la mamilioni, au mwenye kinu cha kusaga aliyekatiwa umeme kwa bili anayoipinga, njia ipo. Baraza halishughuliki na kesi za jinai, kwa hiyo kama mgogoro wako umeanzia kwenye waya wa wizi, tafuta wakili kwanza. Vinginevyo peleka nakala za risiti, picha za mita na barua zako, na karatasi halisi ubaki nazo mwenyewe.